Feni Inatazama Chini

Mimi hushona sare za shule hapa Migori, mkabala na kibanda cha Zablon, na kwa sababu hiyo nimejua mambo ya kompyuta ambayo sikuyaomba. Huwezi kuwa jirani wa Zablon usiyajue. Mteja akija kutaka mashine ya kuundwa kuanzia mwanzo, Zablon hamuulizi kwanza ni ya kazi gani wala anataka taa za rangi gani. Anauliza, "Itakaa wapi?" Mteja anacheka. Zablon hacheki.

Sababu yenyewe ni feni. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vingine. Mafundi hukiita pawa saplai. Kisanduku hicho kina feni moja kubwa ubavuni, nacho hufungwa chini kabisa ya kasha, kwa hiyo fundi ana uamuzi wa kufanya: feni itazame chini au itazame juu. Ikitazama chini inavuta hewa baridi ya nje kupitia matundu ya kwenye kitako cha kasha, na mashine inaishi miaka. Lakini iweke mashine hiyo juu ya kapeti na umeiziba pua. Ikitazama juu, kapeti haiidhuru, ila itakuwa inavuta joto la vifaa vingine vya humo humo ndani, na kazi ikiwa ndefu itachoka. Ndiyo maana anauliza. Siku moja nilimwambia, Zablon, mkeo akikuacha utamuuliza na yeye atakaa wapi. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Mkewe ni Valary, binti wa Priscah wa Homa Bay. Ukiwa na simu unamjua Priscah. Ndiye yule mama wa maombi anayeingia hewani kila Jumapili alasiri, kipindi anakiita Chumba cha Ndani, na kweli anakitoa chumbani mwake anamolala. Anakaa kwenye kiti cha kitambaa chekundu, nyuma yake kitanda cha mbao nzito, kimetandikwa shuka jeupe lisilo na kunyanzi. Watu wanakipenda kile kitanda. Wanasema kinaonyesha mama hana la kuficha. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Priscah hakumtaka Zablon. Zablon alipeleka ng'ombe wazuri kutoka Ogwedhi alikozaliwa, na mtu wa Ogwedhi hadanganywi kuhusu ng'ombe. Priscah alitoka nje, akawazunguka, akasema mmoja anachechemea, akarudi ndani chai ikiwa bado jikoni. Ng'ombe hakuwafukuza. Aliwapokea wote. Alichokataa ni kumwita Zablon mkwe. Alimwita "yule fundi," hata akiwa amekaa mbele yake anakunywa soda.

Na mkwe kwetu ni mkwe, aitwe asiitwe. Mwanamume haingii chumba anamolala mama wa mkewe. Hachungulii, hakanyagi kizingiti, na kitanda chake hata kukitaja hakitaji. Uwe daktari, uwe askofu, mlango ule si wako. Akiingia, katika nyumba ya watu kama akina Priscah, hakuna ndoa ya kuzungumzia tena, na wazee hawaketi hata kumsikiliza. Zablon aliyajua haya kuliko mtu yeyote. Mama mkwe wake akipita sebuleni alikuwa anasimama na kutazama sakafu, kijana wa watu, kana kwamba amekosea kuwa na macho.

Basi mwaka huu laptopu ya Priscah ikaanza kumwaibisha hewani. Picha inaganda mdomo ukiwa wazi, sauti inakuja peke yake nyuma. Akamtuma Valary na maneno haya: yule fundi aniundie mashine. Siku mashine yake itakaponibeba hewani mwanzo hadi mwisho, nitamwita mkwe mbele ya watu wangu wote.

Zablon alivuka barabara mbio kuja kuniambia. "Mama Maranga, ameniita!"

"Ameita mashine," nikamjibu.

"Ni kitu kimoja."

Mjinga. Lakini mjinga wa kupendwa, na hao ndio huliwa wa kwanza.

Priscah alitaka kasha la mbao lifanane na kitanda chake. Gichana seremala akalichonga vizuri sana, na Zablon akamwomba aliwekee miguu mirefu ili hewa ipite chini. Priscah akapiga simu kukataa. Nilimsikia mwenyewe, kwa kuwa Zablon alikuwa ameweka spika mikono ikiwa kazini. "Sitaki kitu cha miguu kama jiko. Kikae chini vizuri kama kabati."

"Sawa, Mama. Lakini Mama, itakaa wapi? Kwa meza ama kwa kapeti?"

"Fundi, wewe unataka kujua chumba changu kikoje?"

Zablon akatoka jasho. "Hapana, Mama! Hapana. Pole sana."

"Valary atakuambia." Akakata.

Miguu ikawa mifupi kama kifungo cha shati. Zablon akatoboa kasha kwa namna ambayo pawa saplai ingeweza kufungwa vyovyote, feni juu au feni chini, kwa kugeuza skrubu nne tu. Alitaka itazame chini. Kipindi cha Priscah ni kirefu, Homa Bay kuna joto, na kasha la mbao linatunza joto kama kikapu cha kufunikia wali. Lakini alitaka kuwa na hakika ya meza.

Wiki ile Valary alianza kushinda kibandani. Miaka yote mitatu ya ndoa yao sikuwahi kumwona akikaa pale zaidi ya kuchukua ufunguo. Ni mwanamke mzuri, mrefu, ana sauti ya mama yake, na alikuwa amechoka na kile chumba chao kimoja kinachonuka risasi ya kuchomelea nyaya. Sikumlaumu kwa kuchoka. Alivuta kigoda akakaa karibu na mumewe, akawa anauliza.

"Na ikikaa kwa kapeti ya sufu feni ikiwa imeangalia chini, itachukua muda gani?"

"Kabla ya nini?"

"Kabla ishike moto."

"Yawa, si lazima ishike moto," Zablon akasema, uso umemng'aa kwa kuulizwa. "Kama saa moja hivi itakuwa imepata joto sana. Ikiwa na bahati itajizima yenyewe. Isipokuwa na bahati, ile mbao na ile kapeti ya sufu, hapo ni hatari."

"Itanuka?"

"Itanuka kwanza. Hata mtu wa sebuleni atasikia hiyo harufu."

"Na mtu akitaka kuiokoa bila kuzima?"

"Anaiinua tu. Anailaza kwa ubavu, chini ipate hewa. Inapona hapo hapo."

Valary akatikisa kichwa polepole kama mwanafunzi. Jioni Zablon alikuja kukopa vifungo asivyovihitaji, ili apate kunieleza. "Mama Maranga, Valary ameanza kupenda kazi yangu." Nikamwambia vizuri, Zablon. Ningemwambia nini?

Jumapili ile waliondoka asubuhi. Yaliyotokea sebuleni alinisimulia Zablon mwenyewe baadaye, na yaliyotokea chumbani niliyaona kwa macho yangu, mimi na maelfu ya watu wengine.

Nyumba ya Priscah iko juu kidogo ya barabara ya kwenda Mbita, ziwa unaliona ukiwa mlangoni. Sebuleni kila kitu kimevaa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, hata mtungi wa maji. Zablon alikaribishwa kochini, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akaletewa meza ya mbao mbele yake, ina kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya manjano, na juu yake chai na mayai. Kwenye kochi la pili alikaa Willis, kaka yake Priscah, mzee wa kanisa, ambaye ndiye msemaji wa mambo ya ndoa katika nyumba ile. Kati ya sebule na chumba cha Priscah hakuna mlango wa mbao. Kuna pazia.

Zablon hakunywa chai kwanza. Alifungua kasha, akashika bisibisi, akasema, "Valary, nenda uangalie tena. Inakaa kwa nini?"

Valary akapita pazia, akarudi. "Meza iko."

"Uko sure? Kama ni kapeti sema tu, nageuza saa hii. Ni skrubu nne."

"Zablon. Meza iko."

Willis akacheka. "Omera, wewe unamuuliza mke wako kama polisi."

Zablon akaona aibu. Akafunga pawa saplai feni ikitazama chini, akakaza zile skrubu nne, akalipangusa kasha kwa kiganja. Valary na shangazi mmoja wakalibeba wakaingia nalo. Ndipo Zablon akanywa chai. Aliniambia ilikuwa na tangawizi, na kwamba akiwa anainywa alijiona mtu mwenye kwao.

Mimi huku Migori niliegemeza simu kwenye cherehani. Nikasema ngoja nimwone fundi wetu akiitwa mkwe, nimsamehe na vile vifungo. Kipindi kikaanza. Picha ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuona pale: ulihesabu nyuzi za shuka. Sauti na mdomo vilikwenda pamoja. Watu wakaanza kuandika, mama leo unaonekana vizuri, nani amekuwekea mitambo. Priscah akatabasamu, akasema mitambo hii ina historia na mtaisikia leo leo. Nikajua anamzungumzia Zablon, nikafurahi mwenyewe kama mtu aliyetajwa.

Maombi yalipokaribia kumaliza saa nzima, Zablon kule sebuleni akainua pua.

Anaijua harufu ile kama mimi ninavyoijua ya kitambaa kilichoungua pasi. Alisimama. Akampigia Valary, simu imezimwa. Akasogea karibu na pazia, akatazama sakafu, akaita kwa sauti ya chini, "Valary. Iko kwa kapeti? Iinue. Valary!" Sisi tuliokuwa hewani tulisikia mtu akiita kwa mbali. Priscah alifumba macho na kuongeza sauti ya maombi.

Zablon akamgeukia Willis. "Mzee, ingia wewe. Ni ndugu yako, wewe unaruhusiwa. Inue tu ile box, uilaze kwa ubavu."

"Mimi sijui mambo ya kompyuta."

"Mzee, kuna moto! Wako ndani!"

"Nyamaza, watu wanaomba."

Mimi ningeng'oa waya wa umeme wa nyumba nzima. Ningepiga nduru mpaka ziwa lisikie. Lakini mimi si Zablon, na sikuwa nimeahidiwa kuitwa jina. Alichofikiria, kama alivyoniambia, ni mbao ya Gichana, ile sufu, na Valary amesimama kando yake na gauni refu. Akaingia. Na hili ndilo neno ambalo mpaka leo analirudia peke yake: alipotaka kupita, Willis alivuta miguu yake ili ampishe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili niliona mwenyewe. Kabla Zablon hajaingia, picha ilimwacha Priscah. Kamera iligeuka taratibu, ikapita kitanda, ikasimama kwenye pazia. Pazia lilikuwa limetulia, halina mtu, na mimi nikajiuliza mbona tunaonyeshwa pazia. Aliyeshika kamera siku ile alikuwa Valary. Tulilitazama pazia lile muda wa kutosha kulijua maua yake, ndipo likafunguka na Zablon akaingia.

Hakutazama mtu. Aliinama sakafuni kando ya kitanda, pale kasha lilipokuwa limekaa juu ya kapeti nyekundu nene, kitambaa cha kufuma kimetandazwa juu yake ili nako kusipumue. Akakitupa kile kitambaa. Akalikumbatia kasha na kulinyanyua, nyaya zikining'inia, na akazunguka akitafuta pa kuliweka. Meza haikuwepo. Kiti kilikuwa na Priscah. Zablon akapiga goti moja kwenye kitanda cha mama mkwe wake, akalaza kasha kwa ubavu juu ya lile shuka jeupe, akaweka kiganja kwenye matundu kusikia kama feni inavuta.

Ilikuwa inavuta. Nilimwona akitabasamu. Alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Priscah, mbele ya dunia, akitabasamu kwa kuwa mashine imepona.

Halafu akainua uso akaiona kamera.

Priscah hakupiga kelele. Alisimama, akajifunika kichwa kwa leso, akaipa kamera nusu ya uso. "Watu wa Mungu," akasema, "mnaniuliza kila siku kwa nini simwiti huyu mtu mkwe. Leo mmeona." Akaketi tena. Willis alikuwa keshafika pale ndani, yeye asiyejua mambo ya kompyuta, akimshika Zablon kola. Na picha haikuganda hata mara moja. Sauti na mdomo vilikwenda pamoja mpaka mwisho. Ilimbeba hewani mwanzo hadi mwisho, kama alivyotaka.

Nililia kwa hasira. Nilizima simu, nikaiwasha, nikazima tena. Walioandika chini ya kile kipindi, nusu walimlaani Zablon na nusu waliuliza kamera ni aina gani.

Kipindi kilipoisha, Zablon alimkuta Valary nje uani, amesimama karibu na tangi la maji. Zablon alidhani ameshtuka. Alitaka kumwambia asiogope, moto haukushika. Halafu uso wa Valary ukamfahamisha.

"Uliniambia meza."

"Nilikuambia meza iko."

"Valary, si ungesema tu unataka kwenda? Ningekuacha uende."

"Na mimi ningeitwa nini?" akamjibu. Hakuwa na ukali, ndilo lililomuumiza. "Binti ya Mama ameacha bwana bila sababu? Nani angeniombea na nani ningemwombea? Sasa sababu iko." Akamshika mkono kidogo, kama anavyoshikwa mtu wa kusindikizwa. "Mashine ni nzuri. Enda salama."

Wazee hawakuketi. Ndoa ilimalizwa kwa simu. Priscah alitangaza kwamba yeye hali cha mtu, kwa hiyo ng'ombe watarudishwa, na kweli akamrudisha mmoja. Nilimwona akishushwa kwenye pikapu, yule aliyesemwa anachechemea. Alitembea vizuri kabisa.

Zablon alirudi kazini. Hapa mjini walimcheka wiki nzima. Waendesha boda walikuwa wakipita kibandani wanauliza kama anaweza kuja kurekebisha kitanda. Mmoja nilimrushia kopo la grisi. Zablon alikuwa anasema jambo moja tu, kwamba labda Valary hakuona vizuri, labda chumba kilikuwa na giza, labda mama mtu alimdanganya Valary, naye akaja akamdanganya mumewe bila kujua. Ile "meza iko" ya pale tangini aliigeuza huku na huku akitafuta upande ambao haukati. Nilimwacha. Mtu aliyeumwa hivyo umwache ashike anachoweza.

Jumapili iliyofuata alivuka barabara saa ya kipindi. "Mama Maranga, niwekee nione."

"Uone nini, Zablon?"

"Kama inafanya vizuri."

Nilitaka kumfukuza. Nikaegemeza simu kwenye cherehani, tukatazama. Priscah alikuwa kwenye kiti chake. Kando yake, kwenye kiti kingine kipya, alikaa Valary, amevaa nyeupe, na mama akamtambulisha kama mhudumu mpya wa Chumba cha Ndani, binti aliyepita katika moto akatoka. Watu wakaandika amina mpaka skrini ikajaa. Zablon hakumtazama Valary. Alisogeza uso karibu na simu, akatazama nyuma ya bega lake, pembeni ya kitanda, ambako mashine yake ilikuwa imekaa.

Ilikuwa juu ya meza. Meza ya mbao, urefu wa kutosha, mbali na ukuta, hewa inapita chini na kote. Ni mtu aliyefundishwa vizuri tu angeiweka vile. Chini ya kasha kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma kilichokunjwa kwa uangalifu ili kisizibe matundu, chenye maua ya manjano, na kwenye ukingo wake kulikuwa na doa la kahawia, la mviringo, la kitako cha kikombe.

Zablon alilitazama doa lile mpaka maombi yakaisha.

"Hiyo ndiyo meza niliyonywea chai," akasema. "Nilipomuuliza, ilikuwa mbele yangu."

Nikazima simu. Alivuka barabara kurudi kibandani, kulikokuwa na mteja anayemsubiri na kasha tupu mkononi. Nilimsikia mteja akieleza anachotaka, na taa za rangi gani. Nilingoja nisikie Zablon akimuuliza itakaa wapi. Hakumuuliza.